Kaburi Dogo la Buffalo

Watu wakisikia kwamba niliolewa na Mswisi hufikiri nilipata tajiri. Wanawaza benki, wanawaza saa za mkononi. Mume wangu alikuwa fundi wa mashine za kufungasha biskuti. Kiwanda kimoja cha Buffalo kilinunua mashine hizo kwao, yeye na wenzake wakatumwa kuja kuzisimika na kutufundisha kuzitumia. Zilipoanza kutembea vizuri wenzake wakarudi, yeye akabaki. Alikuwa na sanduku moja na jaketi lisilofaa kitu kwa baridi ya kule. Mimi niliyetoka kambi ya wakimbizi nilikuwa na vitu vingi kuliko yeye.

Tulikutana kazini. Kazi yangu ilikuwa kuondoa biskuti zilizovunjika kabla hazijaingia kwenye boksi. Yeye alikuwa amelala chini ya mashine, na kutoka kule chini nikasikia mtu anahesabu kwa Kifaransa. Alipofika tisini akasema "nonante". Mfaransa hasemi hivyo. Sisi wa Kongo tunasema hivyo kwa sababu Wabelgiji ndio waliotufundisha, na sikujua kama kuna watu wengine duniani wenye tabia hiyo. Nikainama nikamwuliza anatoka sehemu gani ya Bukavu. Alicheka mpaka akagonga kichwa.

Kwa hiyo Amerika aliijulia kwetu. Wazungu wenzake hawakumwonyesha kitu. Wanawake wa Kikongo wa East Side, mtaa wetu pale Buffalo, ndio waliomfundisha kutembea juu ya barafu bila kuanguka, basi lipi halipiti siku ya Jumapili, na duka gani lina unga wa muhogo. Kiswahili alikipata kwetu pia, makosa yetu na yake yakachanganyika. Walimpenda kwa sababu akiingia kwenye chumba chenye watu thelathini aliwapa mkono wote, mmoja mmoja, hata watoto. Na kaka yangu mkubwa, aliyekuja kutoka Louisville kwa ajili ya harusi, walisalimiana kama wanaume wa kwetu wanavyosalimiana, wakagonganisha vichwa mara tatu. Mume wangu akasema kwao wanabusiana mashavuni mara tatu, kwa hiyo hesabu alikuwa nayo tayari.

Tuligombana kwa jambo moja tu, mlango. Kwao mtu haji nyumbani kwako bila miadi. Yeye alifunga kwa ufunguo hata tukiwa ndani, mchana kweupe. Nilimwambia nyumba inayofungwa mchana ni nyumba ya mchawi. Akasema ni nyumba ya watu wanaolipia joto. Mimi nafungua, yeye anafunga, ndoa ikaendelea.

Binti yetu alizaliwa na moyo mbovu. Hospitali walifanya walichoweza, siwalaumu. Aliishi mpaka akajua kucheka kwa sauti, halafu asubuhi moja ya theluji moyo ukashindwa. Hatukupata mtoto mwingine.

Siku ile nilikuwa nimelala chumbani uso ukiwa ukutani. Habari ilienea East Side, na wanawake wakaja kama tunavyokuja sote, na sufuria zao, mikeka, mablanketi, tayari kulala chini pamoja nami mpaka siku ya kuzika na kuipita. Mume wangu akawatokea mlangoni. Akawapa mkono wote, mmoja mmoja. Akawashukuru, akawaambia napumzika, akaingia ndani akafunga mlango kwa ufunguo. Kwake hiyo ndiyo ilikuwa heshima. Kwao mwenye huzuni huachwa peke yake, na jirani anayempenda hutuma kadi.

Wanawake hawakuondoka. Walisimama kwenye theluji wakaimba. Niliwasikia nikadhani ni kichwa changu kinaharibika. Nilipoamka kwenda jikoni nikaona kupitia dirishani barabara tupu na sufuria zimepangwa kwenye ngazi, maharage yameganda ndani.

Nilimpiga. Nilimpiga kwa mikono yote miwili, nikamwambia ananizikia mtoto kama paka. Yeye alisimama tu mikono chini, hajui kosa lake, na kutojua kwake kulinichoma zaidi. Nilipochoka kupiga nikamweleza. Akavaa viatu, akaosha sufuria zile zote, akazirudisha nyumba kwa nyumba akiomba msamaha. Mama mmoja mzee akamshika shati akamwambia, "Bon, baba. Ile ni ya kizungu, tunakusamehe. Lakini kwetu, mutu akifiwa, mulango inabaki wazi." Jioni wakarudi wote, na mlango ukabaki wazi, na yeye akakaa sakafuni kati ya wanawake amevaa jaketi lake.

Tulimzika sehemu ya watoto. Mawe ya pale ni madogo, yamelala sawa na majani.

Baada ya miezi kadhaa akaanza kwenda pale kila Jumamosi na chombo cha kumwagilia. Kwao kaburi ni bustani, mtu hupanda maua juu yake na kuyatunza kama mboga za mlangoni. Akapanda. Wiki iliyofuata mashine ya kukata majani ilikuwa imepita, maua hayapo. Akapanda tena, yakakatwa tena. Alikuwa mbishi kuliko mbuzi, huyo. Mwisho akaenda ofisini kwao, mimi nikabaki kwenye gari, ya ndani alinisimulia baadaye. Mama wa ofisi akamwambia sheria, hapapandwi kitu pale, ni majani tu. Akakubali. Halafu akauliza mtoto ataachwa pale miaka mingapi.

Yule mama hakuelewa swali. Ikabidi mume wangu amweleze kwamba kwao kaburi hutolewa kwa muda. Miaka ikiisha, jiwe linaondolewa, ardhi inasawazishwa, anawekwa mtu mwingine. Kaburi la baba yake lilikuwa limekwisha kusawazishwa hivyo, yeye akiwa huku Buffalo chini ya mashine. Mama wa ofisi akamwambia, hapa ni milele, bwana.

Alirudi kwenye gari akaegemeza kichwa kwenye usukani akalia kwa sauti. Hakulia siku ya kuzika. Mimi nikadhani wamemwambia jambo baya. "Milele," akasema. "Habatamutoa." Alilia mpaka kioo kikaingia ukungu, kisha akasema basi yeye haendi tena popote. Kuna wanaohamia nchi siku wanapopata karatasi, au nyumba. Mume wangu alihamia Amerika siku ile, kwenye maegesho ya makaburi, na tangu hapo sikumsikia tena akitaja kurudi kwao.

Maisha hayakumsikiliza, bila shaka. Kiwanda kikafunga laini yetu ya biskuti, akapata kazi ya kutengeneza mashine Columbus, tukapanga nyumba Clintonville. Mtaa wa miti mikubwa, watu wa kupungia mkono kutoka kwenye baraza zao, na kila mlango umefungwa. Yeye aliupenda. Alisema unafanana na kwao, ila miti imezidi. Mimi nilikuwa nakauka. Nilifanya kazi ya kutunza wazee, niliwaogesha na kuwalisha siku nzima, na nikirudi nyumbani ilipita wiki bila mtu kutuita kwa jina mlangoni.

Kila mwaka tulirudi Buffalo. Na yule mbishi alikuwa amepata njia. Kabla baridi haijaanza alizika kwenye majani ya kaburi vitunguu vya maua fulani ya kwao, madogo ya zambarau, ambayo hutoka theluji inapoanza kuyeyuka. Yanachanua, yanakauka, na mashine ya kukata majani bado haijatoka stoo. Tulipofika mara ya kwanza tukayakuta yamesimama, alinishika mkono kwa nguvu mpaka nikasema ananiumiza. Alipiga magoti, akasafisha jiwe kwa brashi yake ya kazini, ile ya kutoa unga wa biskuti kwenye meno ya mashine.

Kisha akaugua. Saratani ya kongosho, na ilipoonekana ilikuwa imeshafika mbali. Daktari alisema maneno ya upole, na mimi ninayefanya kazi na wanaokufa nikayaelewa kabla hajamaliza.

Tulikuwa mezani, jikoni kwetu Clintonville, aliposema tuhamie Louisville. Kaka yangu yuko kule, Jeffersontown, anafanya kazi kwenye ghala, na kanisa letu limejaa watu wa kwetu Kivu. Nilikataa. Nilimwambia tunataka kwenda Buffalo, siyo kuzidi kuiacha mbali.

"Donc, mimi nitakufa," akasema. "Weye utabakia. Hapa nani atakuletea sufuria?"

Mtu yule yule aliyefungia sufuria nje. Nikaanza kulia, yeye akaendelea kama anayeeleza namna ya kufungua mashine. Akasema, tukienda Louisville kwa ajili yangu, basi yeye akifa nimrudishe kwa mtoto. Ameshauliza. Kaburi la mtoto ni dogo, jeneza la mtu mzima halitaingia. Majivu yataingia. Kwao watu wengi huchomwa, na majivu huzikwa kwenye kaburi la mtu wao, ni jambo la kawaida.

Niliinuka nikatoka nje nikasimama kwenye baraza bila koti.

Sitaki kuonekana mshamba. Najua watu wa dunia nzima wanachomwa na mbingu haijaanguka. Lakini kwetu anayechomwa ni mwizi, wanamvisha tairi shingoni barabarani. Na kwetu tena, wakati wa vita, mama yetu alifungiwa ndani ya nyumba ikawashwa moto. Kaka yangu mkubwa alimwokota kwa mikono yake, akamweka kwenye beseni. Mimi ndiye niliyeshika beseni. Mume wangu alijua hayo yote. Aliniomba hivyo hivyo, kwa sababu hakuwa na njia nyingine ya kumfikia mwanawe.

Nikarudi ndani nikamwambia sawa. Tukahama.

Kaka yangu alimpenda shemeji yake, hilo nataka lieleweke. Alikuwa akitoka ghalani asubuhi, kabla ya kwenda kulala, anapita kwetu kumnyoa ndevu. Alimwita "beau", yaani shemeji kwa Kifaransa, na kila asubuhi waligonganisha vichwa mara tatu, mwishoni taratibu sana, kwa sababu mume wangu alikuwa amebaki mifupa. Sikumwambia ahadi yangu. Mume wangu alitaka kumwambia mwenyewe, na kila siku alisema kesho.

Alikufa baridi ikielekea mwisho, asubuhi, kaka yangu akiwa na wembe mkononi.

Nyumba ikajaa. Wanawake wakaja na sufuria, magodoro yakatandikwa sebuleni, viti vikatoka kanisani, na mlango ukawa wazi kutwa nzima huku upepo unaingia. Nilimwona kabisa akilalamika kuhusu joto linalotoka nje, nikacheka peke yangu, wakadhani ni huzuni imenipanda kichwani. Walimlilia kama mtu wao. Walimwita "muzungu yetu", wakasimulia jinsi alivyokuwa akiwapa mkono watoto. Sijawahi kushikwa na watu kama siku zile. Alichonitakia nilikipata chote.

Siku ya tatu kaka yangu akasimama kueleza mipango. Jeneza limepatikana. Kaburi limepatikana, karibu na pale watu wetu wengine walipozikwa. Kwaya zote mbili zitaimba. Nikamwacha amalize, maana alikuwa amehangaika kweli, kisha nikasema mume wangu atachomwa na atazikwa Buffalo kwa mtoto wake.



"Atachomwa na nani?" kaka yangu akauliza.

"Na miye. Aliniomba."

"Mama alikufa ginsi gani, umesahau?"

"Sijasahau. Beseni nilishika miye."

Mchungaji akasema kwa upole kwamba kanisa halitaweza kusimama mahali pale. Shangazi yetu akaninong'oneza kwamba watu watasema nilimchoma bwana yangu, na jina hilo litanifuata mpaka nife. Nikamwambia na linifuate. Nilikuwa na hasira, lakini sikujua hasa namkasirikia nani. Wote walikuwa wanampenda.

Halafu kaka yangu akaleta shauri ambalo hata leo naliona lilikuwa la upendo. "Bon. Tumutoe mutoto kule, tumulete huku. Balale pamoja, mwili na mwili. Kanisa itasaidia."

Macho ya wote yakanigeukia kwa matumaini. Mimi nikaona usukani wa gari na kioo kilichojaa ukungu.

"Hapana," nikasema. "Baba yake alilia siku alipoambiwa hatatolewa. Hakuna atakayemtoa."

Hapo kaka yangu akakaa chini. "Miye nilishaokota mutu na mikono yangu," akasema. "Siwezi tena. Unisamehe. Siwezi."

Hakuna aliyenitukana. Wanawake walikaa kidogo, kisha mmoja akachukua sufuria yake, mwingine akakunja godoro. Walinikumbatia wakiondoka. Viti vikarudi kanisani. Mlango niliuacha wazi mpaka jioni, na nyumba ikapoa kabisa, na hakuna aliyeingia.

Asubuhi ya kumpeleka kuchomwa, nilimkuta kaka yangu amenitangulia kwenye nyumba ya maiti. Alikuwa amemvalisha suti, anamfunga tai, ulimi umetoka kidogo kwa kukazana kama alivyokuwa akifanya akiwa mdogo. Alipomaliza aliinama akagusa kichwa cha mume wangu kwa kichwa chake, mara tatu. Akanipita bila kunitazama. Nilimsikia anawasha gari, linakataa, analiwasha tena.

Pale wanapochomea nilikaa peke yangu kwenye chumba chenye viti vingi. Nyuma ya ukuta tanuri lilinguruma, na ndani ya mngurumo kulikuwa na kitu kinachokwaruza. Yeye angejua mara moja ni beringi ipi imechoka. Nilijaribu kusali, nikashindwa, nikahesabu kwa Kifaransa. Kila nikifika tisini nilianza upya. Niliogopa, nasema wazi. Niliogopa harufu, na harufu haikuja.

Walinipa sanduku, nikalipakata. Lilikuwa na uzito wa mtoto mchanga.

Nilisubiri theluji ipungue nikaendesha mwenyewe mpaka Buffalo, yeye kando yangu amefungwa mkanda. Nilipita Columbus bila kusimama. Wale wanawake wa East Side sikuwaambia. Kama wasingekuja, nisingevumilia, na kama wangekuja na kusimama mbali kwenye theluji, nisingevumilia pia.

Maua yalikuwa yametoka, machache, ya zambarau. Vijana wenye sururu hawakuwepo wala kwaya, alikuwepo mzee mmoja wa makaburi mwenye koleo fupi. Nilimwomba asiyaharibu. Akakata majani pande nne, akayanyanyua pamoja na maua yake kama mtu anayenyanyua mkeka, akayaweka kando. Shimo alilochimba lilikuwa na ukubwa wa beseni. Nikapiga magoti kando yake. Nikamweka kwa mikono yangu. Nikaimba wimbo mmoja tu, ule waliouimba wanawake barabarani, kwa sauti ya mtu mmoja, na unataka sauti nyingi. Mzee akavua kofia. Kisha akarudisha majani juu, akayakanyaga pembeni taratibu, na ukiangalia usingejua kwamba mtu ameingia hapo.

Ofisini nilimkuta mama mwingine, kijana. Akanipa pole. Akasema kaburi la kipimo kile linaweza kupokea masanduku mawili juu ya mtoto, kwa hiyo imebaki nafasi moja. Akauliza kama familia ingependa kuitunza kwa ajili ya mtu, au waifunge.

Nilimtazama mpaka akadhani sijaelewa, akarudia polepole. Nilikuwa nawaza tairi, na paa linaloanguka, na mikono ya kaka yangu. Nilikuwa nawaza kaburi zuri la Jeffersontown, mwili wangu mzima, kwaya mbili. Sijawahi kuogopa kitu chochote duniani kama ninavyoogopa moto.

"Ni yangu," nikasema.

Kaka yangu bado sijamwambia kuhusu nafasi ile. Tumeanza kusalimiana tena, juzi aliniletea mihogo, akasimama mlangoni akakataa kuingia, kisha akaingia. Sina mume, sina mtoto, na siku yangu ikifika hakuna mwingine wa kunipeleka Buffalo ila yeye.